Mazembe Haikutufukuza

Wiki mbili zilizopita, baada ya kile kipindi cha timu za wazazi wetu, tulipata ujumbe wa sauti kutoka Buffalo. Jamaa ana sauti nzuri, mpole kabisa, anaanza na salamu ndefu kama watu wa kwetu wanavyofundishwa. Halafu anasema: "Yaya, nimesikia ukisema mama yako ni Mukasai na ni wa Mazembe. Sasa hiyo inawezekanaje? Mazembe ni ya Katanga. Mama yako ashangilie Sanga Balende. Angalia Athletic Bilbao kule Hispania, wanachukua Wabaski tu. Timu ya mkoa ni ya watu wa mkoa."

Nilianza kumjibu kwa maandishi, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Basi, kaka wa Buffalo, jibu lako ndilo hili, na wengine mnaosoma mtavumilia kwa sababu ni refu.

Kwanza hiyo Hispania. Ni kweli, Athletic Club ya Bilbao, iliyoanzishwa 1898, inachezesha watu waliozaliwa nchi ya Wabaski au waliojifunza mpira huko, na haijawahi kushuka daraja. Wanastahili heshima zao. Lakini sogea kidogo mpaka Barcelona, maana najua nusu yenu mna jezi yake kabatini (mimi ninayo, ya Messi, imepauka). Hiyo ndiyo timu ya Katalunya. Wakati wa Franco, lugha ya Kikatalani ilipobanwa hadharani, uwanja wa Barça ulikuwa mahali ambapo mtu angeweza kuipiga kelele. Na nani aliianzisha? Mswisi. Hans Gamper, mgeni aliyefika mjini, akaweka tangazo gazetini mwaka 1899 kutafuta watu wa kucheza nao. Kwa hiyo hata Hispania kwenyewe hawajakubaliana kuhusu hili swali lako.

Sasa twende Lubumbashi.

Mazembe ilizaliwa 1939, na wazazi wake hawakuwa Wakatanga. Walikuwa mapadri Wabenedikto, Wazungu, waliokuwa na shule mjini Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Walitaka wanafunzi wao wawe na kitu cha kufanya, wakaunda timu ya Saint-Georges. Mwaka 1944 ikaitwa Saint-Paul. Baadaye wachezaji kutoka nje ya shule walipoanza kuingia, mapadri wakajitoa. Timu ikapata mfadhili, kampuni ya matairi ya Englebert, ikachukua jina lake. Yaani ile fahari yote ya Katanga iliwahi kuitwa kwa jina la tairi! Mwaka 1966 walichukua ubingwa wa Kongo wakajiongezea "Tout Puissant", Wenye Nguvu Zote. Hiyo ndiyo TP mnayoiona mpaka leo. "Mazembe" lilikuja miaka ya 1970, wakati Mobutu alipokuwa akibadilisha majina ya kila kitu, na mkoa wenyewe ukaitwa Shaba.

Miaka hiyo ya Englebert walikuwa moto. Fainali nne za klabu bingwa Afrika mfululizo, 1967 hadi 1970. Ya kwanza na Asante Kotoko ya Ghana: mechi mbili sare, na ya tatu Kotoko hawakutokea uwanjani, kombe likaja Lubumbashi. Ya pili, 1968, wakaifunga Étoile Filante ya Togo. Baada ya hapo hakuna timu iliyotetea ubingwa huo tena mpaka Enyimba ya Nigeria, 2004. Mwaka huohuo wa 1968 Kongo ilishinda Kombe la Afrika kwa bao moja dhidi ya Ghana, na aliyelifunga, Pierre Kalala, alikuwa wa Englebert. Kalala. Mwulize mtu yeyote wa Kasai kama hilo jina ni geni kwao.

Hapa ndipo mama yangu anaingia.

Wabelgiji walipochimba shaba Katanga walihitaji watu. Wengi waliwatoa Kasai, hasa baada ya reli kuunganisha mikoa hiyo miwili mwaka 1928. Babu yake mama alikuwa mmoja wao. Babu yangu mimi alizaliwa Likasi, mji wa migodi ulio kama kilomita 120 kutoka Lubumbashi, mama pia alizaliwa Likasi, na mpaka anakuwa binti wa miaka kumi na tano alikuwa hajakanyaga Kasai hata siku moja. Kiswahili chake ni kile cha Katanga kabisa, cha "njo" na "mutu" na "tulikuwaka", ambacho binamu zangu wa Dar wanakicheka kwenye simu. Siku za mechi babu alikuwa anaweka redio dirishani ili jirani asiye na redio naye asikie. Mama anasema jirani huyo alikuwa mtu wa Lupopo, timu ya watu wa reli, mahasimu wakubwa wa Mazembe, na babu alikuwa anaongeza sauti makusudi Mazembe ikifunga.

Agosti 1992, kule Kinshasa, Etienne Tshisekedi, Mkasai, alichaguliwa kuwa waziri mkuu. Katanga viongozi wa mkoa walikuwa tayari wanahubiri kwamba Wakasai ni wageni waliokula kazi za wenyeji. Waliitwa bilulu, wadudu. Nyumba zikachomwa. Watu kwa mamia ya maelfu wakafukuzwa, Likasi kwanza, Kolwezi mwaka uliofuata. Familia ya mama ililala kituo cha treni cha Likasi wiki saba, wakisubiri behewa la kuwapeleka "kwao", mahali wasipopajua. Mdogo wake wa mwisho alifia hapo kituoni, kwa kuhara. Mama haielezi hii habari. Nimeiambiwa na mjomba, na mama aliponiruhusu kuiandika alisema tu: "Andika. Lakini usiandike jina yake."

Walipofika Mbuji-Mayi, watu wa pale wakawaita Wakatanga.

Kwa hiyo kaka, unapomwambia mama yangu ashangilie Sanga Balende, unamtuma kwenye mji uliomwambia yeye si wa pale. Sina ubaya na Sanga Balende, walikuwa mabingwa wa Kongo 1983, timu ya kuheshimika. Ila siyo yake.

Kumbukumbu yangu mimi inaanzia Zambia, kambini, ambako mama alifika baadaye na ambako nilizaliwa. Desemba 2010. Kulikuwa na kibanda cha video, jenereta nje, unalipa mlangoni. Mama alikuwa hajawahi kuingia mle ndani, alisema ni mahali pa walevi. Siku hiyo aliingia na kitenge chake na mimi mkononi. Kombe la Dunia la klabu, Abu Dhabi. Mazembe walikuwa wameshaitoa Pachuca ya Mexico, 1-0, na sasa wanacheza na Internacional ya Brazil. Kabangu akafunga. Kaluyituka akafunga. Na kipa Kidiaba akakaa chini kwa makalio, akaanza kurukaruka nyasini kama mtoto. Kibanda kizima kikakaa chini na kuruka hivyohivyo, kwenye udongo. Mama yangu alikaa chini, akaruka. Nilikuwa na miaka sita na nilidhani amepatwa na kitu.

Fainali walifungwa na Inter Milan 3-0. Haikutuuma sana. Hakuna timu ya nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyokuwa imewahi kufika pale.

Sasa tazama nani walikuwa kwenye mataji hayo ya "timu ya Katanga". Trésor Mputu, mchezaji bora wa ndani ya Afrika 2009: mzaliwa wa Kinshasa. Kalaba na Sunzu: Wazambia. Kocha wa 2010, Lamine N'Diaye: Msenegali. Na ninyi wasikilizaji wa Kitanzania hamuwezi kunyamaza hapa, maana kombe la 2015 mfungaji alikuwa Mbwana Samatta, aliyetoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011, pamoja na Thomas Ulimwengu. Ilikuwa rahisi kwao kuliko kwa Mghana yeyote. Walishuka Lubumbashi, wakafungua mdomo, watu wakawaelewa.

Rais wa klabu tangu 1997, Moïse Katumbi, aliyewahi pia kuwa gavana wa Katanga, baba yake alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Mwaka 2021 ukaletwa mswada bungeni Kinshasa wa kuzuia urais wa nchi kwa asiye na baba na mama Wakongo, na kila mtu alijua unamlenga nani. Sisemi kwamba Katumbi ni malaika. Tajiri mwenye timu na siasa kwa pamoja anajua anachofanya. Lakini wimbo ni uleule walioimbiwa kina mama pale Likasi. Na hiyo Katanga yenyewe? Mwaka 2015, mwaka wa kombe la Samatta, serikali iliigawa mikoa minne. Leo kwenye ramani hakuna mkoa unaoitwa Katanga.

Mwenzangu wa Columbus aliposikia haya alinikumbusha Crew. 2017 mwenye timu alitaka kuihamishia Austin, Texas, kama mtu anayehamisha makochi. Mashabiki wakapiga kelele mwaka mzima mpaka wakapatikana wanunuzi wa kuibakisha, na sasa ina uwanja mpya tangu 2021. "Kwetu walitaka kuhamisha timu watu wabaki," akasema. "Kwenu walihamisha watu, timu ikabaki."

Hapa Louisville mama anafanya kazi usiku ghalani, kupakia vifurushi. Jezi yake nyeusi na nyeupe anaivaa ndani ya sweta ya kazi siku Mazembe wakicheza. Mara moja nilimuuliza kwa nini hakuichukia, pamoja na kila kitu kingine cha kule. Alikuwa anachambua sombe, hakuinua macho.

"Batu njo balitufukuzaka," alisema. "Mazembe haikutufukuzaka."

Juzi nilimchezea ujumbe wako, kaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie mwanzo, zile salamu. Akauliza: "Huyu mutoto, bazazi bake ni ba wapi?" Nikamwambia ulisema Kolwezi. Alikaa kimya muda mrefu kidogo, nikadhani ameudhika.

"Ni Buffalo, ile ya baridi?"

Ndiyo, Mama.

"Umwambie akuye. Nitapika bukari."

Nimekutumia anwani Jumamosi. Nasubiri.