Kipimo cha utumbo mpana: Kulala au kukaa macho?

RUSIZI — Mfanyabiashara wa Kamembe anayevuka daraja kwenda Bukavu huhesabu kila siku kwa mauzo. Akipewa rufaa ya kolonoskopi, yaani kupimwa utumbo mpana kwa kamera, huenda akafunga safari kupitia msitu wa Nyungwe hadi Hospitali ya Chuo Kikuu ya Butare, mjini Huye, au mpaka Kigali. Kabla ya kipimo kuna uamuzi: achomwe dawa ya usingizi au la?

Kukaa macho kunawezekana. Nchini Norway wengi hupimwa hivyo. Tumbo husokota mpira unapopita kwenye kona za utumbo, lakini mgonjwa huinuka akiwa na akili timamu na anaweza kupanda basi peke yake.

Dawa kama midazolamu hupunguza hofu, na wengi hawakumbuki kilichotokea. Lakini kwa saa 24 mgonjwa hatakiwi kuendesha gari wala pikipiki, wala kusaini mkataba. Lazima awe na mtu wa kumrudisha, hivyo ni wawili wanaokosa soko. Dawa hiyo pia huweza kudhoofisha upumuaji. Mwenye ugonjwa wa mapafu au moyo amweleze daktari mapema.

Ipo njia ya kati: kuanza macho, mshipa ukiwa umeshawekewa sindano, na kuomba dawa maumivu yakizidi. Hilo liulizwe kabla ya siku yenyewe, na msindikizaji awepo.

Anayeona damu kwenye choo asiahirishe kipimo kwa kuhofia maumivu.