Viwavi wa malisho na mahindi ya jirani: nani alaumiwe?

Mazungumzo ya leo ni juu ya mdudu. Msishangae. Mtu aliyesoma sheria naye ana neno juu ya wadudu, kwa sababu kesi nyingi za vijijini hazianzi kwa bunduki. Zinaanza kwa mahindi yaliyoliwa.

Tuseme hivi. Kuna kijiji mlimani. Upande wa juu ni malisho ya ng'ombe, upande wa chini ni mashamba. Jamaa waliokimbia wamepewa sehemu ya katikati, wakapanda mahindi. Mwenyeji jirani yao amepanda maharagi na mihogo. Mvua zimeanza. Baada ya majuma machache malisho yanageuka meusi kwa viwavi, na siku mbili baadaye viwavi wako ndani ya mahindi ya wakimbizi, wamebakiza mshipa wa katikati wa kila jani. Maharagi ya mwenyeji hayakuguswa. Hapo maneno yanaanza. Wakimbizi wanasema: ametutumia wadudu ili tuondoke, ndiyo maana lake limepona. Mwenyeji anasema: wadudu hawa walikuja pamoja na mizigo ya watu hawa. Na mfugaji anadaiwa alipe, kwa kuwa viwavi wametoka kwake. Hayo ni mashtaka matatu, na yote matatu hayana msingi. Tuone kwa nini.

Mdudu huyu anaitwa kiwavijeshi, kwa sababu anatembea kundi zima kama askari. Mama yake ni kipepeo wa usiku, wa rangi ya kijivujivu, ambaye mwanga wa mchana hamumwoni. Vipepeo hao wanasafiri na upepo usiku, mamia ya kilomita, na mvua zinapoanza wanashuka pamoja mahali pamoja. Kila jike anataga mayai mamia. Mayai yanapasuka baada ya siku chache. Mdudu huyu basi hakuja ndani ya godoro wala ndani ya sufuria ya mkimbizi. Alipita juu ya vichwa vyetu sote tukiwa tumelala.

Sasa, kiwavi huyu ana chakula chake. Yeye hali kila kitu. Anakula mimea ya ukoo wa nyasi, pamoja na jamaa zake wa karibu wa ukoo wa ndago, basi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, maana hatukuzoea kuita mahindi nyasi. Lakini angalieni jani la mhindi: refu, jembamba, lenye mishipa iliyonyooka sambamba toka chini hadi ncha. Jani la mtama ni hivyo hivyo. La ulezi, la mpunga, la ngano, la muwa, vilevile. Mahindi ni nyasi ambayo binadamu ameifuga, kama alivyomfuga ng'ombe. Kiwavi hajui mpaka uliowekwa na chefu kati ya malisho na shamba. Kwake yeye, malisho na mahindi ni meza moja, na akimaliza upande mmoja anahamia wa pili. Jani la mharagi ni jingine kabisa, pana, lenye mishipa iliyotandaa kama wavu. Muhogo na viazi vitamu pia si wa ukoo huo. Viwavi wanaweza kupita kati ya maharagi wakienda kutafuta nyasi, wasiyale.

Kwa hiyo, baba, maharagi yako hayakupona kwa dawa, na mahindi ya jirani hayakuliwa kwa uchawi. Mngebadilishana mashamba, yeye akapanda maharagi na wewe mahindi, ungelia wewe.

Kuna mambo mengine mawili yanayofanya watu waseme ni kitu cha kutumwa. La kwanza ni kwamba wanaonekana ghafula. Kiwavi mdogo anakula kidogo sana. Sehemu kubwa ya chakula chake anaila katika siku za mwisho kabla ya kuingia udongoni. Zaidi ya hayo, wakiwa wachache wanakuwa na rangi ya kijani kama jani lenyewe na wanajificha, bali wakisongamana wanageuka weusi na kutembea mchana kweupe. Ni mdudu yuleyule. Mnaposema wamekuja usiku mmoja, walikuwapo tayari kwa wiki moja au mbili. La pili, wanatoweka ghafula. Wakishiba wanachimba udongoni, wanageuka kuwa vipepeo, wanaruka kwenda mbali. Ndipo mganga fulani anajitokeza kusema ni yeye aliyewafukuza, na kudai mbuzi. Nawaomba mbuzi wenu mbaki nao.

Tuje kwenye sheria. Katika nchi yetu, kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kilichotoka katika amri ya 1888, kinasema kwamba anayemdhuru mwingine kwa kosa lake lazima alipe. Kinasema pia kwamba mwenye mnyama anajibu kwa madhara ya mnyama wake. Basi ng'ombe akivunja ua na kula mahindi, mfugaji analipa. Hiyo haina mjadala, na wafugaji wanaosikiliza wasijifiche nyuma ya mazungumzo haya. Lakini kiwavi hana mwenyewe. Hakuna aliyemnunua, aliyemfunga kamba, aliyemchunga. Kumlipisha mfugaji kwa sababu viwavi walipita kwake kwanza ni kama kumlipisha jirani wa juu kwa mvua ya mawe iliyomwangukia yeye kabla ya kukuangukia wewe. Yeye pia amepoteza majani ya ng'ombe wake.

Na lile la kusema "watu wa kambi ile" au "watu wa kabila lile" wameleta wadudu? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kwamba kosa la jinai ni la mtu binafsi. Hakuna anayeweza kushtakiwa wala kufungwa kwa tendo la mwingine. Mzee wa kijiji akiletewa mashtaka juu ya kundi zima, swali lake la kwanza liwe: nani, alifanya nini, na nani aliona kwa macho? Wakikosa jibu, hakuna kesi.

Lazima niseme pia juu ya kiwavi wa pili, maana wengi wanawachanganya. Huyu ametoka Amerika. Alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na haukupita muda akafika kwetu. Ana alama kichwani kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Huyu haendi sana kwa maandamano. Anakaa ndani ya moyo wa mhindi na kuacha vumbi kama la msumeno. Anaweza kula mimea zaidi ya aina 350, hata isiyo ya ukoo wa nyasi, ingawa mahindi ndiyo anayopenda. Kwao Amerika wako wa namna mbili: mmoja hupenda mahindi, mwingine hupenda mpunga na nyasi za malisho. Kabla ya kulaumu malisho, kwanza mjue ni kiwavi gani mnaye mkononi.

Sasa jambo ambalo linaweza kuwapatanisha mkulima na mfugaji. Yuko mdudu mwingine, yule mtoboa shina, anayeingia ndani ya mhindi mpaka ukauke. Watafiti waliokuwa Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, waliona katika miaka ya 1990 kwamba kipepeo wa mdudu huyu hupenda kutaga juu ya mabingobingo kuliko juu ya mahindi. Lakini mtoto akitoboa shina la mabingobingo, linatoa utomvu wa kunata na wengi wanafia humo. Mama anavutiwa na mmea usiowalea watoto wake. Kwa hiyo walipanda mabingobingo kuzunguka shamba kama mtego, na katikati ya mistari ya mahindi wakapanda desmodiumu, mmea wa jamii ya maharagi ambao harufu yake inafukuza vipepeo. Baadaye walitumia nyasi ya brakiaria pembeni badala ya mabingobingo, na utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hata yule kiwavi wa Amerika alipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba ya namna hiyo.

Angalieni sasa: mabingobingo ni chakula cha ng'ombe. Desmodiumu pia. Ule ukanda wa mpakani mnaoupigania unaweza kulinda mahindi ya mmoja na kulisha ng'ombe wa mwingine, akatwe majani na kupelekewa zizini, naye atoe samadi. Lakini msidanganyike kwamba ukanda huo utasimamisha kundi la viwavijeshi wakiwa njiani. Mabingobingo nayo ni nyasi.

Na hapa mwanasheria anawaonya. Mabingobingo hukaa miaka. Kwetu, mwenye shamba mara nyingi hamruhusu mwenye kukodi kupanda kitu cha kudumu, mti, mgomba au kahawa, kwa sababu kesho itakuwa alama ya kudai udongo. Basi msipande kimyakimya. Andikeni karatasi mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi wa pande zote: ukanda ni wa nani, una hatua ngapi, nani anakata na kwa zamu gani, na kwamba aliyepanda hadai ardhi. Mkimbizi akirudi kwao, iandikwe pia mimea inabaki kwa nani.

Jambo la mwisho. Viwavijeshi wakishapita katika malisho, msirudishe ng'ombe mara moja. Imewahi kutokea katika Afrika ya Mashariki kwamba ng'ombe walikufa kwa kula nyasi zilizoshambuliwa karibuni, na wataalamu wanadhani nyasi fulani zikijeruhiwa hivyo hutengeneza sumu ndani yake. Kama kuna aliyepulizia dawa, muda wa kungoja uulizwe kwa agronomu, na wachungaji wote waambiwe siku ileile. Ng'ombe akianguka, aitwe mganga wa mifugo ampasue na kuona, kabla mtu yeyote hajataja jina la jirani.