Shoki Moja Ilivyomnyima Neuville Safari Rally

Kama ulikuwa macho asubuhi ya Jumapili, Juni 27, 2021, bila shaka unakumbuka. Thierry Neuville, yule Mbelgiji wa Hyundai, aliamka Naivasha akiwa na sekunde 57.4 mbele ya kila mtu. Zilikuwa zimebaki hatua tano tu. Wewe unayefuatilia rali unajua hiyo si tofauti ya kuchezea. Sebastien Ogier aliwahi kushinda Rali ya Jordan mwaka 2011 kwa sekunde 0.2. Sasa huyu ana karibu dakika nzima, na anachohitaji ni kulileta gari nyumbani.

Hakufika mbali. Hatua ya kwanza ya siku hiyo, Loldia, shoki ya nyuma upande wa kulia ikavunjika. Si injini, si gia, si kupinduka. Shoki! Kile chuma kama pampu kinachokaa kando ya springi, ambacho fundi wako wa Embu anakitupia jicho mara moja na kukwambia, "Hii imeenda, boss." Neuville na mwelekezi wake Martijn Wydaeghe wakawa wamemaliza kazi. Uongozi wake wote ukaishia kwenye vumbi.

Takamoto Katsuta wa Toyota akajikuta mbele, kijana ambaye hakuwa amewahi hata kupanda jukwaani katika mbio za dunia. Lakini nyuma yake alikuwa Ogier, na Ogier si mtu unayetaka kumwona kwenye kioo hatua nne kabla ya mwisho. Akampita. Walipomaliza Hell's Gate, Ogier alikuwa mshindi kwa sekunde 21.8, Katsuta wa pili, Ott Tanak wa tatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa Safari Rally ya kwanza kwenye ratiba ya dunia tangu 2002, mwaka ambao Colin McRae alishinda na Ford Focus.

Utaniuliza, mbona nakuletea habari za Naivasha wewe uliye Runyenjes, Chuka ama Nkubu? Kwa sababu hii kitu iliwahi kuwa yetu pia. Uliza guka yeyote pale Embu mjini. Safari ya zamani, iliyoanza 1953, haikuwa ya kufungiwa kwenye mashamba ya watu kando ya ziwa. Ilikuwa ya maelfu ya kilomita, barabara za kawaida, wakati wa Pasaka mvua ikinyesha, na magari yalizunguka Mlima Kenya kupitia Embu na Meru. Kabla ya ile lami ya miaka ya 1980, safari ya kutoka Embu kwenda Meru ilikuwa udongo mwekundu na kona zisizoisha: unashuka mtoni, unavuka, unapanda, unashuka mto mwingine. Thuchi, Nithi, Mutonga. Watu walisimama kwenye ukingo wa barabara na watoto mgongoni kuangalia Datsun na Peugeot zikipita zimepakwa matope hadi kwenye paa. Nani alikuwa na kasi zaidi halikuwa swali la maana sana. Swali lilikuwa nani bado anatembea. Mwaka 1968 magari saba tu yalimaliza. Saba!

Kwa hivyo usiniambie kilichompata Neuville ni ajali ya kushangaza. Kwa Safari, hiyo ni Jumapili ya kawaida.

Sasa ngoja tuingie chini ya gari kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaachwa. Kazi ya kubeba uzito ni ya springi. Ukipiga shimo, springi inajikunja, halafu inataka kurudi juu kwa nguvu ile ile, na ikiachwa peke yake itakurusha kama mpira. Shoki ndiyo inayoituliza. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Pistoni ikisonga, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye yale matundu, na ile nguvu ya kurushwa inageuka joto. Ndiyo maana ukigusa shoki ya gari lililotoka barabara mbaya, inachoma. Kwenye mawe ya Naivasha hiyo kazi inafanyika mfululizo, kwa mwendo ambao mimi na wewe tungekuwa tunaomba. Mafuta yanachemka na kutoa povu, sili zinachoka, chuma kinapigwa pale pale mara elfu. Kikivunjika, kimevunjika kwa mipigo ya tangu Ijumaa, na wewe umeona tu ule wa mwisho.

Halafu kuna sheria. Kwenye hatua hakuna fundi anayekuja mbio na jeki. Nje ya eneo la matengenezo, wanaoruhusiwa kugusa gari ni dereva na mwelekezi wake pekee, kwa vifaa na spea walivyobeba wenyewe.

Nimesikia wasee wengi wakisema Ogier alipewa ushindi bure. Hapo mimi sikubali. Ogier mwenyewe alipata tatizo la shoki Ijumaa na kupoteza karibu dakika mbili. Yaani ugonjwa ule ule uliomuua Neuville Jumapili, yeye aliupata mapema, wakati bado kulikuwa na nafasi ya kupona. Akatengenezewa gari, akaanza kurudi polepole. Elfyn Evans aligonga jiwe Ijumaa hiyo hiyo. Kalle Rovanpera alizama kwenye mchanga laini akiwa anaenda vizuri sana. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kulipa, ila ya Neuville ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Je, alikuwa na makosa? Ukiniuliza, hapana. Huwezi kuongoza Safari kwa kutembea kama unampeleka nyanya kanisani. Lakini pia siwezi kuita bahati mbaya kitu ambacho barabara ilikuwa inakipigania kwa siku tatu. (Usimhurumie kupita kiasi, lakini. Mwaka 2024 akawa bingwa wa dunia.)

Na wetu je? Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo walimaliza wa saba, wa nane na wa tisa, wakiwa kwenye magari ya daraja la chini kuliko yale ya viwanda. Magari makubwa yalipokuwa yakianguka kama maembe, wao waliendelea tu. Hilo halikuandikwa vya kutosha.

Lakini hebu tuseme ukweli. Mbio ambazo wewe wa Meru unazijua zaidi haziitwi rali na hazina kombe. Ni zile za pikapu za miraa. Zinatoka Maua mchana, mzigo umefungwa kwa majani ya migomba, zinashuka Meru, Chuka, Embu, Makutano hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 250, kwa sababu ndege haisubiri na miraa ikipitisha siku mbili hivi imekwisha nguvu. Tangu Somalia ilipofungua tena soko lake Julai 2022, presha hiyo imerudi. Tunawapigia hao madereva kelele barabarani kama mashabiki. Tunawachukua video. Tunabishana nani amefika Nairobi kwa muda gani, kama vile kuna mtu aliyeshika saa.

Tofauti ni hii. Neuville ana kofia ngumu, mkanda wa kumshika kila upande, vyuma vya kumkinga ndani ya gari, daktari karibu na barabara iliyofungwa. Shoki yake ikivunjika, anapoteza kombe. Pikapu ikipoteza shoki au breki kwenye mteremko wa Nithi, mbele yake kuna matatu ya watu 14, bodaboda, na mama anayevuka na mkungu wa ndizi. Unakumbuka Julai 2022 basi lililotoka Meru likatumbukia kwenye daraja hilo la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mteremko ule haukusamehe kitu. Na bado kesho yake kuna watu waliopanda magari pale Makutano ya Meru bila kuangalia hata tairi.

Dereva wa miraa ana sababu zake, na sitamhukumu nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta. Analipwa kwa kufika mapema. Hakuna anayemlipa kwa kusimama Chuka na kumwita fundi aangalie chini. Kama wenye mizigo wangekuwa na akili ya timu ya rali, wangeweka kituo cha matengenezo njiani na kuhesabu huo muda ndani ya safari, badala ya kuutoa kwenye usingizi wa dereva.

Wewe abiria, na wewe uliyenunua Probox ya mkono wa nne ya kupeleka bidhaa Ishiara, jaribio la shoki halihitaji mashine. Gari likiwa limesimama, egemea kona moja kwa uzito wako wote, kisha achilia. Likipanda mara moja likatulia, sawa. Likiendelea kucheza mara tatu, nne, hiyo kona haina shoki. Piga magoti uangalie mwili wa shoki wenyewe: ukiwa na vumbi kavu, ni sawa, ukiwa na vumbi lililoshikana na mafuta, sili imepasuka. Pitisha kiganja juu ya tairi. Ukisikia mabonde mabonde, gurudumu limekuwa likirukaruka kwa muda. Kisha zunguka kona zote nne, kwa sababu iliyomtoa Neuville ilikuwa moja tu, ya nyuma, kulia.