Daftari la Marehemu na Kifaa cha Njia: Yaliyotufika Malaba

Juma hili tumependa kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalidhani ni la vijana na mafundi peke yao, nalo ni kile kifaa cha GPS kinachowekwa mbele ya dereva kumwonyesha njia. Sisi pia tulidhani hivyo, mpaka yalipotufika ya kutufika.

Mwaka jana, baada ya Idi, tulifunga safari kutoka Mombasa kwenda Malaba, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, kumzuru binti yetu aliyeolewa huko. Garini tulikuwa na mkewe wa nyumbani mwetu na mama mkwe wetu, mtu mzima mwenye maradhi ya sukari. Tulipoipita Bungoma jua lilikuwa limekaribia kuzama. Tukaandika Malaba katika kifaa, yakaja majina mawili, nasi tukaligusa la kwanza bila kulitazama.

Kumbe Malaba ni mbili, na Busia nazo ni mbili: moja ya Kenya na moja ya Uganda, zilizopakana. Kifaa kilikuwa kikitupeleka ng'ambo ya mto Malaba, Uganda, na kabla ya kutanabahi tulikwishaingia katika foleni ya malori, mbele hakuendeki na nyuma hakurudiki. Magharibi ikaingia. Simu ya mkwe wetu haikupatikana. Mama akaanza kutetemeka na kutokwa na jasho. Sukari ilikuwa imeshuka. Tende chache zilizobaki mkobani ndizo zilizomzuia asizimie.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai kando ya barabara alituona, akaja mbio na chai ya sukari nyingi. Hali ilipotulia, alituonyesha kichochoro cha kutokea, akatupeleka msikitini. Msikiti huo ulikuwa nyuma tu ya maduka, una maji ya udhu na mahali pa wanawake, lakini katika kifaa chetu haukuwamo. Vilikuwamo vituo vya petroli na hoteli.

Usiku ule mama yule alituonyesha daftari. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kila alipopita aliandika: msikiti upo wapi, chakula cha halali kinapatikana kwa nani, fundi gani mwaminifu, zahanati ipi hufunguliwa usiku. Mbele ya kila mstari aliweka tarehe aliyopahakikisha, na palipobadilika alipakata kwa wino mwekundu. Kijana wake, naye dereva sasa, ameyahamisha yote katika kifaa chake cha gari. Alituketisha akatufundisha, nasi tunawafikishia mafunzo hayo.

Kila mahali duniani pana namba mbili. Longitudo hueleza mahali palivyo mashariki au magharibi, na latitudo hueleza palivyo kaskazini au kusini mwa ikweta. Namba hizo huchukuliwa kwa simu mtu akiwa amesimama mahali penyewe, au kwa kubonyeza mahali hapo katika ramani ya simu. Kwa vifaa vya Garmin, huandikwa katika kompyuta, kila mahali mstari wake: longitudo kwanza, kisha latitudo, kisha jina, kisha maelezo mafupi, vyote vikitengwa kwa alama ya mkato. Faili huhifadhiwa kwa mtindo wa CSV. Kisha programu ya POI Loader, ambayo kampuni hiyo huitoa bila malipo, huyaingiza katika kifaa kwa waya. Orodha zote ziwekwe katika folda moja, kwani ukipakia orodha mpya peke yake, ya zamani hufutika.

Hapa pataka uangalifu. Malaba ipo karibu na 34.27 kwa longitudo na 0.64 kwa latitudo. Ukizigeuza namba hizo, Malaba yako itakuwa Algeria. Sisi watu wa Mombasa tupo kusini mwa ikweta, na latitudo yetu huandikwa kwa alama ya kutoa. Busia ipo kaskazini, haina alama hiyo. Anayekwenda Busia kupitia Kisumu huivuka ikweta Maseno. Ukiiandikia Busia alama ya kutoa kwa mazoea, kifaa kitakutafutia Busia ndani ya Ziwa Viktoria, karibu na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Basi kabla ya safari, fungueni kila mahali mlipopaingiza mpatazame katika ramani.

Jina nalo liandikwe pamoja na nchi, kama vile "Msikiti, Malaba Kenya". Hili lina uzito, kwa sababu mipaka hii miwili sasa ina vituo vya pamoja: mwenye kutoka Kenya hukamilisha shughuli zake upande wa Uganda. Ukishavuka kwa kukosea, kurudi si kugeuza usukani tu. Na katika maelezo ya misikiti, andikeni kama pana mahali pa wanawake. Mkumbuke pia kwamba Mombasa kibla chetu ni kaskazini takriban sawasawa, ilhali Busia na Malaba huelekea mashariki kidogo ya kaskazini, kiasi cha digrii 15.

Neno letu la mwisho ni juu ya amana. Orodha hizi hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na mwenye kuandika mahali asipopahakikisha humpoteza msafiri asiyemjua, pengine usiku, pengine mwenye mgonjwa. Andikeni mliyoyaona kwa macho yenu, na tarehe yake. Nyumba za jamaa ziwekeni katika orodha ya familia peke yake, wala msiwape wageni, kwani kuonyesha nyumba ya mwanamke anayekaa peke yake si ukarimu.

Mama mkwe wetu alirejea salama, alhamdulillahi. Safari hii orodha yetu ameisimamia yeye mwenyewe, na mstari wa kwanza katika orodha hiyo ni pale panapouzwa chai. Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mwenye daftari, na amjaalie thawabu kwa kila msafiri anayefika kwa maandishi yake. Amin.