Mwalimu wa Visiwani Naye Ahitaji Chakula cha Roho

Wasomaji wetu wa Bumbire, Ikuza, Mazinga, Kerebe na Goziba wanayajua haya kuliko sisi tulioko nchi kavu. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, taa za wavuvi wa dagaa hutanda ziwani mithili ya mji. Kunapokucha dagaa huletwa ufukoni na kuanikwa, na katika kazi hiyo mkono wa mtoto haudharauliwi. Mwalimu aingiapo darasani asubuhi ya namna hiyo, mara nyingi hukuta madawati yana nafasi, na baadhi ya waliokuja wanashindana na usingizi. Hufundisha somo ambalo anajua kwamba atalifundisha tena mwezi utakaporejea angani.

Juu ya nyumba za walimu, boti na vitabu, mengi yamekwisha kusemwa na yangali yanastahili kusemwa. Leo twapenda kuzungumzia jambo ambalo halipati nafasi katika taarifa za wilaya wala za mkoa, nalo ni roho ya mwalimu huyo. Yeye alishaye akili za watoto wa watu, analishwa na nani? Tutasema zaidi juu ya walimu Wakristo, kwa kuwa mapokeo yao ya sala na tafakari yana mizizi mirefu katika Bukoba na Muleba. Ndugu zao Waislamu wanazo sala tano zinazoipanga siku yao, na katika hilo hawahitaji kufundishwa na ukurasa huu.

Yafaa tukumbuke asili ya mambo. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee waliwaita Mapadri Weupe, walianzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892. Wamisionari wa Kilutheri wa Betheli waliwasili Bukoba mwaka 1910, na tayari walikuwapo Wakristo wachache waliokwisha kuipokea Injili kutoka Uganda. Huko Buganda walioishika dini mpya waliitwa wasomaji, na jina hilo halikuwa la bure. Kusoma na kusali vilikuwa kitu kimoja. Katika shule za vijijini zilizoezekwa nyasi, mtu yule yule alifundisha herufi na katekisimu, akapiga kengele ya darasa na kengele ya sala. Hata Askofu Josiah Kibira, aliyeliongoza Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alikuwa mwalimu kabla hajawa mchungaji.

Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zikawa za umma. Hatulalamiki. Mtoto wa Mkristo, wa Mwislamu na wa asiye na dini waliketi benchi moja, na taifa lilipata faida. Tena misheni zilizomlea mwalimu zilimtawala pia, na wapo waliopoteza kazi kwa mambo ya nyumbani kwao. Lakini katika makabidhiano yale kuna kitu kilichodondoka katikati bila ya kuokotwa. Serikali ilichukua mshahara, mitaala na ukaguzi, nayo haina dini wala haipaswi kuwa nayo. Makanisa kwa upande wao yalielekea kuona kwamba, maadamu mwalimu amehama katika orodha ya mishahara yao, amehama pia katika ulezi wao. Hapo ndipo tunapoona kosa.

Mwalimu wa mkoa huu amebeba mizigo mizito. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, na vita vikafuata. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu, na kwa miaka mingi baadaye walimu waliwafundisha yatima darasa baada ya darasa, huku wao wenyewe wakiwazika wenzao. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikachukua mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa majengo ya Ihungo na Nyakato, shule zenye sifa kubwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19. Baada ya kila msiba, ilipofika asubuhi ya shule, alikuwapo mtu aliyelazimika kusimama mbele ya watoto, kuliita daftari la mahudhurio na kunyamaza kidogo alipofikia jina lisiloitikiwa. Mtu huyo hakupewa mafunzo ya kazi hiyo, wala hapana aliyemwuliza jioni kama yeye mwenyewe ameweza kula.

Tunaposema tafakari hatuna maana ya maneno mengi. Mmonaki mmoja Mfaransa wa karne ya 12, Guigo, aliieleza sala kama ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia kimya mbele ya Mungu. Kwa Mhaya jambo hili si geni. Buni anazomkaribisha nazo mgeni hazimezwi. Huwekwa kinywani, zikatafunwa taratibu mpaka utamu wake utoke. Ndivyo yafaavyo Maandiko. Mwalimu achukue mistari michache, si sura nzima, aisome kwa sauti ndogo mara mbili au tatu, kisha akae na neno moja lililomgusa. Robo saa kabla ya kengele yatosha. Na akikosa maneno ya kuomba, daftari lake la mahudhurio ni kitabu cha sala kilicho tayari: alifungue, apitie majina polepole, na kwa kila jina amkumbuke mtoto mwenyewe, yule msumbufu kwanza.

Aliyeifahamu vema haja hii ni Yohane Mbatizaji de La Salle, padri wa Reims, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1719, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu. Aliwaandikia walimu wa shule zake tafakari 16 za kutumiwa katika mafungo wakati wa likizo, mbili kila siku kwa siku nane. Mtu huyo hakuona kwamba likizo ni ya kusahihisha mitihani tu. Aliwataka walimu warudi darasani wakiwa wameshiba.

Hata hivyo twaomba tusieleweke vibaya na wakuu wetu wa elimu. Sala si badala ya nyumba. Eliya, kwa habari ya Kitabu cha kwanza cha Wafalme, alipochoka hata akatamani kufa chini ya mti jangwani, hakuhubiriwa. Alipewa usingizi, kisha mkate na maji, mara mbili; sauti ndogo ya mlimani ilimjia baadaye. Ofisa anayemwambia mwalimu asiye na dari avumilie kwa maombi, hajaisoma habari hiyo. Vile vile mwalimu mcha Mungu asiligeuze somo la hisabati kuwa mimbari. Kipindi cha dini kipo mahali pake, na mtoto wa dini nyingine hakuja shuleni kuwindwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Uamsho ulifika Bukoba kutoka Gahini, Rwanda, na vikundi vyake vidogo vya ushirika viliingia katika nyumba za watu wa kawaida, walimu wakiwamo. Watu walikutana, wakasali, wakaambiana ukweli juu ya maisha yao. Kisiwani, ambako pengine walimu Wakristo ni wawili tu, mmoja Mkatoliki na mwenziwe Mlutheri, hatuoni kwa nini wangoje ruhusa ya maaskofu ndipo wasome Zaburi pamoja jioni.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Jimbo Katoliki la Bukoba na Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT wapange, katika likizo ya katikati ya mwaka, siku chache za mafungo ya walimu huko huko visiwani, kwa hiari ya kila mmoja. Padri na mchungaji wavuke wakalale huko. Ziara ya kufika mchana na kurudi jioni si mafungo. Nao maofisa wa elimu wa Muleba wazijue siku hizo mapema, wasiwaite walimu hao kwenye semina bara wakati ule ule. Walimu wenye kwao bara wasinyimwe likizo yao kwa ajili ya jambo hili, kwani kumwona mama ni chakula pia. Linalobaki ni mafuta ya boti, na parokia na sharika za bara zikichangiana, mzigo huo hautamwelemea mtu. Upepo wa Goziba wavuvi wanaujua. Waulizwe wao siku ya kuondoka.