Mtumishi wa Nyumbani Naye ni Mfanyakazi

Kazi ni kipimo cha utu: kauli hii tumeikariri kwa miaka mingi majukwaani. Hata hivyo, iko kazi ifanywayo ndani ya nyumba zetu wenyewe ambayo hatujaipima kwa kipimo hicho. Nayo ni kazi ya mtumishi wa nyumbani.

Tumepata kuyasikiliza masimulizi ya mama mmoja wa Kibosho, huko mteremkoni mwa Kilimanjaro. Kihamba cha baba yake kilitegemea kahawa. Mwaka 1989 Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika, bei ilianguka, fedha za sare na michango ya shule zikakosekana, naye akateremshwa Moshi mjini, akiwa na umri wa miaka 12, kulea watoto wa watu. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri na kulala baada ya sahani ya mwisho kuoshwa. Mshahara wake aliwekewa na mwajiri. Siku alipoudai, aliambiwa ameumaliza kwa kula. Masomo aliyoyaacha aliyafuata katika madaftari ya watoto aliowapigia pasi sare zao. Leo anauza ndizi katika soko la Mbuyuni, na wanawe wote wamesoma.

Tunausifu ustahimilivu wake. Lakini ustahimilivu wa mnyonge usiwe kisingizio cha mwenye nguvu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inampa mwajiriwa saa 24 za mapumziko kila wiki. Visiwani tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Upungufu, basi, si wa sheria. Mkaguzi wa kazi huingia kiwandani na hotelini, lakini mlango wa jiko haubishi hodi.

Nasi wa visiwani tusidhani kwamba hayo ni ya Moshi peke yake. Wako mabinti wanaovuka bahari kutoka Bara kuja kutumika Unguja na Pemba. Sheha azijuaye kaya za shehia yake hashindwi kuwajua mabinti hao.

Ndugu viongozi, kila mmoja wetu aanzie nyumbani kwake: mkataba uandikwe, siku ya mapumziko itajwe, na mshahara utiwe mkononi mwa aliyeutolea jasho, kabla jasho hilo halijakauka, kama dini ilivyotufunza.