Njiti Anahitaji Kifua

“Daktari, mbona mwanetu hajawekwa kwenye chupa, ile mashine ya joto?” Kila wiki wananiuliza hivyo kina baba mlangoni mwa wodi na kina bibi waliokuja na chupa za uji. Wanaamini kwamba tumemwambia mama ambebe kifuani njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa sababu mashine hazitoshi. Imani hiyo si ya kweli, na inagharimu maisha.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliohusu watoto zaidi ya 3,000 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Kundi moja lilianza kangaroo, yaani kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, mama akikaa na mtoto ndani ya wodi ya uangalizi maalumu. Kundi lingine lilisubiri kwenye mashine za joto hadi hali itulie. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 12 ya waliowahi kifuani, na asilimia 15.7 ya waliosubirishwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana faida ilikwishaonekana. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaroo ianze mara moja, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Mashine ya joto hutoa joto basi. Kifuani kuna joto, maziwa yako karibu, na mama huona mapema mtoto anapobadilika rangi, wakati muuguzi ana wodi nzima ya kuangalia. Njiti anayeshindwa kupumua atasaidiwa na vifaa, ndiyo, lakini mama asitolewe nje. Yeye ni mtoa huduma mwenzetu, na hospitali inayomhesabu kama mgeni wa saa za kuona wagonjwa inamnyima mtoto tiba.

Basi fanyeni hivi. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Akae wima katikati ya matiti, kichwa kigeukie upande, pua iwe wazi, kisha afungwe imara kwa khanga. Anyonye, au anyweshwe maziwa ya mama kwa kikombe, kila baada ya saa mbili. Mama akienda kuoga au akiwa bado ana maumivu ya upasuaji, baba au bibi apokee, ngozi kwa ngozi. Mkiwa nyumbani, chupa za maji ya moto za kumpasha mtoto joto zinaunguza, na jiko la mkaa chumbani linatoa hewa ya sumu. Acheni vyote viwili. Akigoma kunyonya, akipumua kwa shida, akipoa au akichemka mwili, rudini hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, mtoto akiwa kifuani njia nzima.